Shajara ya mradi: kozi ya mtandaoni kwa walimu wa ufundi stadi

Shajara hii inafuatilia kazi ya kuandaa na kuendesha kozi ya mafunzo endelevu kazini, inayotolewa kwa njia ya mtandao, kwa walimu wanaofundisha stadi za karakana: uchomeleaji, umeme wa majumbani, ufundi magari na useremala. Tuko watatu: mimi ninayeratibu na kuandika masomo, mwenzangu aliyefundisha uchomeleaji kwa miaka mingi, na fundi anayetunza seva kwa saa chache kila wiki. Ninaiandika kwa ajili ya yeyote atakayetaka kuiga kazi hii, na kwa sababu hiyo makosa yamepewa nafasi kubwa kuliko mafanikio. Gharama nimezirekodi kwa saa za kazi na kwa megabaiti, vipimo ambavyo kila msomaji anaweza kuvigeuza kuwa fedha kwa hesabu ya mahali alipo.

12 Januari: Mfumo umesimikwa

Tumechagua Moodle. Ni programu huria ya kuendeshea kozi za mtandaoni, iliyotolewa mwaka 2002, iko chini ya leseni ya GPL inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, haidai ada ya matumizi, na programu yake ya simu humwezesha anayejifunza kupakua somo akiwa na mtandao na kulisoma baadaye akiwa hana. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyoamua, maana walimu tuliowakusudia hutumia simu zaidi ya kompyuta, na mtandao mara nyingi huishia ofisini bila kufika karakana. Kuusimika mfumo, kufungua akaunti na kuweka lugha kumechukua saa 14.

Nimefungua pia moduli 11 tupu na kuzipa majina: nadharia za ujifunzaji, misingi ya mafunzo yanayozingatia umahiri, aina za tathmini, na nyinginezo za namna hiyo. Nitaanza kuzijaza wiki hii.

26 Januari: Moduli 11 zimefutwa

Nilikwisha kuandika moduli mbili nilipowapelekea walimu sita niliowafahamu, nikitarajia marekebisho ya lugha. Majibu yao yalikuwa ya adabu na mafupi, na hilo lilinitia shaka kuliko ambavyo ukosoaji mkali ungenitia. Nilipompigia mmoja wao simu aliniambia hivi: "Mwalimu, haya tuliyasoma chuoni. Shida yangu mimi ni wanafunzi 30 na mashine 4." Niliona basi kwamba nilikuwa nimeandika kozi ya yale ninayoyajua, na si ya yale yanayowakwamisha.

Tumeanza upya kwa kuazima njia ya uchambuzi wa kazi iitwayo DACUM, iliyoanzia Kanada katika miaka ya 1960, ambayo msingi wake ni kwamba anayeifanya kazi kwa ustadi ndiye anayeweza kuieleza kuliko mtu yeyote mwingine. Kwa kawaida njia hii hukusanya wabobezi wachache chumbani pamoja na mwezeshaji, na kila jukumu na kila kazi huandikwa kwenye kadi yake na kubandikwa ukutani. Sisi hatukuweza kuwakutanisha walimu wote mahali pamoja, kwa hiyo tuliwapigia simu mmoja mmoja na kuwaomba watusimulie wiki yao iliyopita, siku kwa siku, bila kuwauliza wanahitaji mafunzo gani. Swali la mahitaji huzaa orodha ya mada zinazosikika vizuri, ilhali simulizi ya wiki huonyesha mahali mtu alipopoteza muda, alipoogopa ajali, na alipotoa alama asiyokuwa na hakika nayo.

Kadi 64 zilizopatikana tulizipanga mara tatu hadi zikabaki moduli 5: kuonyesha kazi kwa usalama, kugawa hatua za stadi mbele ya wanafunzi, kupanga zamu pale mashine zilipo chache, kupima kazi ya vitendo kwa haki, na kutunza kumbukumbu za maendeleo ya kila mwanafunzi. Gharama ya hatua hii ni saa 31, na saa 20 nyingine zilizoingia katika moduli mbili za mwanzo siwezi kuziokoa.

17 Februari: Video za karakana

Hatua hii imekula saa 58, na karibu nusu yake ni kurudia.

Video ya kwanza ilikuwa ya mwenzangu akieleza maandalizi ya kuchomelea kwa dakika 38 mfululizo. Maelezo yalikuwa mazuri, lakini hakuna hata mmoja wa wale walimu sita aliyeitazama hadi mwisho. Mwaka 2014 watafiti Guo, Kim na Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za jukwaa la mtandaoni la edX, na walikuta kwamba video fupi ndizo zinazoshikilia watazamaji zaidi, na kwamba muda wa kati wa utazamaji hauvuki dakika 6 hata video iwe ndefu kiasi gani. Kozi zile zilikuwa za vyuo vikuu na si za karakana, kwa hiyo sikuzichukua kama sheria. Hata hivyo, tulipoikata video yetu katika vipande 7, kila kimoja kikiwa na kitendo kimoja tu, walimu walewale walivitazama vyote, na wawili wakaviomba ili wawaonyeshe wanafunzi wao.

Tatizo la pili lilikuwa mwali wa kuchomelea wenyewe. Mara tu mwali ulipowaka, kamera ya simu ilijirekebisha kwa ajili ya mwanga ule mkali, picha yote ikawa nyeusi isipokuwa doa jeupe katikati, na ulipozimika kamera ilichukua muda kurejea. Mtazamaji hakuona chochote cha kujifunza. Tulifunga kioo cheusi cha kofia ya kuchomelea, namba 10, mbele ya lenzi, tukafunga marekebisho ya mwanga na ya ulengaji kwenye simu, na hapo dimbwi la chuma kinachoyeyuka likaonekana vizuri, pamoja na upana wa mshono na mwendo wa elektrodi, yaani fimbo ya kuchomelea. Kasoro ya dawa hii ni kwamba mikono na mkao wa mwili hutoweka gizani. Kwa hiyo kila kitendo sasa tunakirekodi mara mbili: kwanza bila kioo kabla mwali haujawashwa, ili kuonyesha mkao na pembe ya elektrodi, kisha kwa kioo, ili kuonyesha dimbwi.

Ninaandika pia kosa ambalo lingeweza kuleta madhara. Siku ya kwanza mwenzetu aliyeshika simu alivaa shati la mikono mifupi na hakuvaa kofia, kwa kuwa alikuwa akitazama kioo cha simu na si mwali. Jioni macho yake yaliwasha na ngozi ya mikono ikawa nyekundu. Miale ya urujuanimno humfikia kila aliye karibu, awe anautazama mwali au hautazami. Picha zote za siku hiyo zilizomwonyesha mtu asiye na kinga tulizifuta, kwa sababu video ya mafunzo hufundisha hata kile ambacho mtengenezaji hakukusudia kukionyesha.

Ukubwa wa faili tuliukadiria kwa hesabu rahisi: jumlisha kilobiti za picha na za sauti kwa sekunde, zidisha kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa 8 kisha kwa 1,000, na utapata megabaiti. Video ya dakika 6 yenye kilobiti 500 za picha na 64 za sauti ni takribani megabaiti 25. Tuliposhusha hadi kilobiti 300 za picha na 48 za sauti na kufupisha hadi dakika 5, ilikuwa megabaiti 13, na kwenye simu bado mshono ulionekana vizuri. Kwa vipimo vya umeme, ambavyo namba kwenye kifaa lazima isomeke, tulibaki na kiwango cha juu lakini tukaweka pia picha mnato ya kila kipimo, ili asiye na bando la kutosha asikose jambo la msingi.

Neno moja kuhusu masomo ya kupewa. Taasisi moja ilitupatia kwa hisani furushi la masomo ya usalama yaliyotengenezwa kwa SCORM 1.2, kiwango cha kufungasha masomo ya mtandaoni. Mfumo uliyapokea bila shida, lakini kila somo lilifunguka kama ukurasa mtupu, kwa kuwa ndani yake lilikuwa limejengwa kwa Flash, teknolojia ya zamani ya michoro hai ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020. Kiwango cha SCORM hueleza jinsi furushi linavyozungumza na mfumo, na hakihakikishi kwamba kilichomo kitafunguka. Tumetumia saa 4 kuligundua hilo. Anayepewa furushi la zamani na alifungue kwenye simu kabla ya kushukuru.

9 Machi: Majaribio na walimu sita

Kazi ya kwanza ilimtaka mwalimu ajirekodi akionyesha stadi moja kisha apakie video. Wote sita walishindwa, na kila mmoja alidhani kosa ni lake. Chanzo kilikuwa vizuizi vilivyopangwa moja nyuma ya kingine, na kila tulipoondoa kimoja tulikutana na kinachofuata. PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa, huruhusu kwa kawaida faili lisilozidi megabaiti 2 kupitia mpangilio uitwao upload_max_filesize, na jumla ya megabaiti 8 kwa kila ombi kupitia post_max_size. Seva yetu ya wavuti, nginx, kwa kawaida hukataa chochote kinachozidi megabaiti 1 na kurudisha hitilafu namba 413, na mpangilio wake ni client_max_body_size. Baada ya hapo Moodle yenyewe ina kikomo cha tovuti nzima, cha kozi, na cha kila kazi. Tumeviweka vyote katika megabaiti 60.

Hitilafu ya pili ilijificha zaidi, kwa sababu haikutoa ujumbe wowote. Barua pepe za taarifa hazikumfikia mtu. Moodle hutegemea programu ya ratiba iitwayo cron kutekeleza kazi za nyuma ya pazia, ikiwemo kutuma taarifa, na inashauriwa iendeshwe kila dakika, lakini yetu haikuwa imewashwa kabisa. Tulipoiwasha tulituma ujumbe wa majaribio, tukasubiri dakika 10, hatukuona kitu, na tukaanza kubomoa mipangilio iliyokuwa sahihi. Kumbe ujumbe wa jukwaa la majadiliano husubiri dakika 30 kabla ya kutumwa, ili mwandishi apate nafasi ya kuuhariri. Jumla ya marekebisho haya ni saa 11, ambazo mtu anayesoma hapa anaweza kuzifanya kuwa moja.

16 Machi: Kozi imefunguliwa

Walimu 24 wamejiunga. Kuandika moduli zote na maswali yake kulichukua saa 38, na hivyo jumla ya maandalizi, bila kuhesabu zile 20 zilizopotea, ni saa 152. Mpango ni moduli moja kila wiki.

30 Machi: Jukwaa la majadiliano limekaa kimya

Katika wiki mbili ziliandikwa jumbe 9, na 6 kati yake ni zangu. Swali nililoweka lilikuwa: "Jadili changamoto za kufundisha kwa vitendo." Nilipolisoma tena niliona kwamba ni swali la mtihani, na mtu mzima aliyefundisha miaka 15 hana sababu ya kulijibu mbele ya watu asiowafahamu.

Gilly Salmon, mtaalamu wa mafunzo ya mtandaoni, katika kielelezo chake cha hatua tano za kuendesha mafunzo ya mtandaoni, anaweka mahusiano ya washiriki katika hatua ya pili, mara baada ya kuingia kwenye mfumo na kabla ya kubadilishana taarifa na kujenga maarifa pamoja. Mimi nilikuwa nimeiruka hatua hiyo nikidhani watu wa fani moja hawahitaji kufahamishana. Tumeondoa swali na kuweka kazi nyingine: kila mwalimu apakie picha ya kazi ya mwanafunzi yenye kasoro, asitaje chanzo, na wenzake wakisie kilichosababisha. Picha ya kwanza ilikuwa ya mshono wa chuma uliojaa vitundu. Mmoja alisema elektrodi zilikuwa na unyevu, mwingine akasema chuma hakikusafishwa kutu na mafuta, wa tatu akauliza mwali ulikuwa mrefu kiasi gani, na kufikia jioni kulikuwa na jumbe 17 pamoja na picha nyingine nne. Mafundi hawakuwa wamekosa la kusema. Walikuwa wamekosa kitu cha kukitazama pamoja.

13 Aprili: Maswali yamejibiwa vizuri, kazi imefanywa vibaya

Ingizo hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote.

Katika moduli ya pili walimu wa umeme walijibu maswali ya kuchagua kuhusu kupima ukinzani wa kihami katika nyaya za jengo, yaani uwezo wa gamba la nyaya kuzuia umeme usivuje. Wote saba walijua kwamba saketi ya kawaida ya majumbani hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC) na kwamba kipimo hakipaswi kupungua megaomu 1. Wastani wao ulikuwa asilimia 94, nikafurahi, na niliandika ripoti fupi kwa waliotuunga mkono nikieleza kwamba moduli imefaulu.

Siku nne baadaye zilifika video zao za karakana. Watatu kati ya saba walikuwa wakiwaonyesha wanafunzi kipimo kilekile bila kwanza kuthibitisha kwa kifaa kwamba umeme umekatika, wakitegemea tu kwamba swichi kuu imezimwa. Mmoja aliacha vifaa vya kielektroniki vikiwa vimeunganishwa, ilhali volti ya kupimia inaweza kuviharibu na vyenyewe vinaweza kupotosha kipimo. Walikuwa wanayajua majibu. Baadhi yao waliwahi hata kuyafundisha. Lakini hatua ya kuthibitisha iliwapotea pale walipokuwa wanazungumza, wanashika kifaa, na wanatazamwa na wanafunzi 20 kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo hali halisi ya kazi yao.

Nimeiondoa ripoti ile na kuandika nyingine. Katika ngazi nne za tathmini ya mafunzo alizozieleza Donald Kirkpatrick mwaka 1959, yaani mwitikio, ujifunzaji, mwenendo na matokeo, maswali yetu yaligusa ya pili, ilhali kozi iliahidi ya tatu. Tumebadilisha masharti: maswali yamebaki kama mazoezi yasiyo na alama, yanayoweza kurudiwa mara yoyote, na kinachomvusha mwalimu kwenda moduli inayofuata ni ushahidi kutoka karakana. Wale watatu tuliwaomba warekodi upya baada ya mazungumzo ya simu, na hatukuwataja mbele ya wenzao.

Mabadiliko hayo yalileta suala jingine ambalo tulipaswa kulifikiria mapema. Video za karakana zilionyesha nyuso za wanafunzi, wengine wakiwa na umri mdogo, na hakuna aliyekuwa ameombwa ridhaa. Tumezifuta zote zilizokuwa na nyuso na kutoa maelekezo mapya: kamera ikae juu ya bega la mwalimu ikitazama mikono na kifaa, na pale ambapo uso hauepukiki, ridhaa ipatikane kwa maandishi, kutoka kwa mzazi au mlezi ikiwa mwanafunzi ni mtoto. Ilitokea kwamba pembe hiyo ya kamera ni bora hata kwa tathmini, maana makosa ya ufundi huonekana mikononi.

20 Aprili: Mzigo wa mrejesho

Walimu 24, kila mmoja na video ya takribani dakika 15, kuitazama na kuandika maoni dakika 40: hiyo ni saa 16 kwa moduli moja, na ya pili ilichukua 15. Tulichelewa kujibu hadi siku 11, na mwalimu anayepata mrejesho baada ya siku 11 amekwisha kuisahau kazi yenyewe, au ameirudia kwa kosa lilelile mbele ya darasa jingine.

Tumefanya mambo matatu. Video haizidi dakika 3, na mwalimu mwenyewe anachagua sehemu ya kuonyesha, uchaguzi ambao nao ni zoezi la kufikiri. Mwenzake mmoja huitazama kwanza na kuandika jambo moja lililofanywa vizuri na jambo moja la kubadilisha. Kisha sisi tunajibu kwa sauti iliyorekodiwa, isiyozidi dakika 2, tukitaja sekunde husika. Muda umeshuka hadi dakika 12 kwa kila mmoja, yaani chini kidogo ya saa 5 kwa wote 24, na walimu wawili wameniambia kwamba sauti imewafanya wahisi wanazungumza na mtu.

Kabla ya kuendelea tulijipima wenyewe. Mimi na mwenzangu tulitathmini video 8 zilezile bila kuonana, na tulikubaliana katika 4 tu. Kigezo kilichotutenganisha kilisema: "Mwalimu anaonyesha stadi kwa ufasaha na usalama." Kila mmoja wetu aliisoma sentensi hiyo kwa macho yake. Tumeivunja kuwa mambo yanayoonekana: amevaa kinga zote kabla ya kuanza, amethibitisha kifaa ni salama, ametaja kila hatua kabla ya kuifanya, amemwita mwanafunzi arudie. Kila jambo lina jibu la ndiyo au hapana. Katika video 8 nyingine tumekubaliana katika 7. Kujipima huku, pamoja na kutathmini video zilizorudiwa, kumegharimu saa 13, na jedwali hilo sasa walimu wanalitumia kupima wanafunzi wao wenyewe, jambo ambalo ndilo somo la moduli ya nne.

11 Mei: Saba wamepotea, wanne wamerudi

Mfumo ulionyesha kwamba walimu 7 hawajaingia kwa zaidi ya siku 14. Nilitaka kuwaandikia ujumbe wa kuwahimiza, lakini mwenzangu alishauri tuwapigie kwanza. Simu hizo zilichukua saa 6, na hakuna hata mmoja aliyesema kozi haimfai. Watatu walikuwa katika kipindi cha mitihani ya vitendo, ambapo karakana haifungwi hadi usiku. Wawili walikuwa wamesahau nenosiri na kuona aibu kuuliza. Mmoja alitumia simu ya mwenzake aliyehama. Wa mwisho alikatazwa na mkuu wake kurekodi karakana, kwa sababu hakukuwa na barua yoyote iliyoeleza video zinakwenda wapi.

Moduli moja kwa wiki tulikwisha kuiacha kwa kuzidiwa, na sasa tumetangaza rasmi wiki 3 kwa kila moduli, pamoja na ratiba inayokwepa mitihani. Tumeandika barua kwa wakuu wote, tukieleza matumizi ya video na kuomba walimu wapewe saa 3 kila wiki ndani ya muda wa kazi. Wanne wamerudi. Ombi la saa 3 ndilo ninalojutia kulichelewesha, kwa sababu mafunzo ya kazini yanayofanyika usiku, kwa bando la mwalimu mwenyewe, ni mzigo aliotwishwa mtu ambaye tayari amechoka.

1 Juni: Diski imekufa

Diski ya seva iliharibika usiku. Fundi wetu alirudisha mfumo kutoka kwenye nakala rudufu ndani ya saa 5, tukaona majina yote, alama zote na maoni yote yaliyoandikwa, tukashukuru. Kisha nikabofya video moja, haikufunguka. Nikabofya nyingine. Hakuna hata faili moja lililokuwepo.

Moodle huweka vitu vyake mahali patatu: msimbo wa programu, hifadhidata, na folda ya data ambamo mafaili yote yaliyopakiwa hukaa. Tulikuwa tunanakili hifadhidata kila usiku, na folda ya data hatukuinakili hata mara moja. Hifadhidata ilikumbuka kwamba faili lipo, lakini faili lenyewe lilikwenda na diski. Maoni ya maandishi yalipona, mrejesho wa sauti ulipotea wote, na kati ya walimu tuliowaomba watume upya, 9 walikuwa wamefuta video zao ili kupata nafasi kwenye simu, nao walifanya hivyo kwa kutuamini.

Tuliamua kwamba kazi iliyokwisha kutathminiwa ihesabiwe kama ilivyo, na ya moduli ya nne, ambayo haikuwa imetathminiwa, irekodiwe upya kwa muda wa nyongeza. Niliwaandikia wote kueleza kosa ni letu. Sasa nakala inachukuliwa kutoka sehemu zote tatu, inahifadhiwa nje ya seva, na kila mwezi fundi anairudisha kwenye mashine ya pembeni na kufungua mafaili 10 kwa bahati nasibu. Gharama: saa 19.

29 Juni: Awamu ya kwanza imekamilika

Walimu 20 wamemaliza moduli zote 5, mmoja ameishia ya nne. Masomo tumeyatoa chini ya leseni ya CC BY-SA, ili yeyote ayatumie na kuyabadilisha mradi ataje asili na atoe toleo lake kwa leseni hiyo hiyo. Video za walimu hazimo.

31 Agosti: Ziara za karakana

Wiki 9 baada ya kozi kumalizika, mwenzangu ametembelea karakana 6. Katika 4 amekuta walimu wakithibitisha usalama wa kifaa kabla ya kila onyesho bila kukumbushwa, na jedwali la ndiyo na hapana likiwa limebandikwa ukutani, limechafuka kwa grisi. Katika 2 zamu za mashine zilikuwa zimerudi kama zamani. Sababu moja ilikuwa idadi ya wanafunzi, iliyoongezeka tangu moduli ya tatu ipite. Nyingine ilikuwa kwamba karakana ile ina kifaa kimoja tu cha kupimia, na mpango tuliofundisha ulidhani kuna viwili. Moduli hiyo ninaiandika upya kwa kuanzia na kifaa kimoja.

Hesabu ya mwisho ya saa: maandalizi 152. Baada ya kozi kufunguliwa: mrejesho 57, kuendesha majadiliano 24, simu 6, hasara ya diski 19, ziara 22, jumla 128. Tulipoomba muda wa kazi hii mwezi Januari tuliomba wa maandalizi peke yake.

Awamu ya pili itafunguliwa 5 Oktoba, ikiwa na walimu 16 badala ya 24, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi ambayo wawezeshaji wawili wanaweza kuijibu ndani ya siku 3. Barua za kuomba saa 3 za kazi kwa kila mwalimu zimetangulia kwa wakuu wiki hii, na ambaye barua yake haijajibiwa hatutamfungulia akaunti hadi tuzungumze na mkuu wake.